Kivuli cha kijiti, madema na mikarafuu: mwongozo kamili wa kusoma historia ya fikra za jiografia ukiwa Unguja au Pemba

Wanafunzi wengi wa visiwa hivi huijua historia ya jiografia kama orodha ya majina. Eratosthenes, Ptolemy, Humboldt, Ritter, Ratzel, Vidal: mtu huyakariri usiku wa kuamkia mtihani, na wiki moja baadaye yameshaondoka na maji kupwa. Mimi pia nilisomeshwa hivyo. Nilitoka skuli nikiamini kwamba fikra za jiografia ni mambo yaliyotendeka Ugiriki na Ujerumani, na sisi kazi yetu ni kuyapokea tu.

Kilichonibadilisha ni sentensi moja ya baharia wa kale iliyotaja mitego yetu ya samaki. Nitaieleza mbele. Tangu hapo nimekuwa nikiisoma taaluma hii kwa njia nyingine: kila fikra ilianza kama swali la mtu aliyesimama mahali fulani, basi na mimi nasimama hapa kwetu, naliuliza swali lile lile, kisha natazama jibu linatoka vipi. Mwongozo huu ni wa njia hiyo. Unamfaa mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, wa chuo, mwalimu, na yeyote anayependa kujua.

Vifaa ni vichache: kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita 1 kamili, uzi wenye jiwe wa kufanyia timazi, rula, protrakta, daftari nene, na simu yenye saa sahihi. Fedha itakayotoka ni nauli ya daladala. Muda jipe miezi mitatu hivi, kwa sababu hatua moja inakutaka usubiri siku maalumu ya mwaka.

Hatua ya 1: Andika kwanza jiografia uliyozaliwa nayo

Kabla hujafungua kitabu cha mtu yeyote, andika unachokijua bila kusomeshwa. Anza na pande za dunia. Wazee wetu wakisema "upande wa kibla" huwa wanasema kaskazini, na kwa hapa Zanzibar hawakosei: Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwetu, imeelekea mashariki kwa nyuzi moja na kitu tu. Kusini wakaiita suheli, jina la nyota ing'aayo upande huo. Mashariki ni matlai, panapochomoza. Kwa hiyo lugha yenyewe tayari ni dira iliyotengenezwa kwa sala, nyota na jua.

Kisha andika pepo. Kaskazi huvuma kama kuanzia Disemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza baada ya hapo, na vyombo vikarudi nayo. Usilipite jambo hili haraka, kwani kila msomi wa kale aliyeandika habari za pwani yetu alizipata kwa chombo kilicholetwa na upepo, na msafiri aliyekuja alilazimika kukaa miezi mpaka upepo ugeuke. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo aliyokaa barazani akisikiliza.

Halafu hesabu ya miongo. Mwaka wa Nairuzi una siku 365, nazo huhesabiwa makumi kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo, na mwishoni zinabaki siku tano. Manahodha na wakulima walipangia safari na kupanda kwa hesabu hiyo, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo hauendi sambamba na misimu. Makunduchi bado wanauoga mwaka kila Julai.

Nenda bandarini, Malindi au Mkokotoni kwa Unguja, Wete au Mkoani kwa Pemba, umtafute nahodha mtu mzima. Usimwendee na daftari mkononi kama karani wa sensa. Salimia, kaa, ngoja. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu, karibu." Mazungumzo yakishakolea ndipo umuulize mambo matatu: usiku anajuaje anakoelekea, mkondo wa bahari kati ya Unguja na Pemba unabadilika lini, na ni majabali gani ya chini ya maji anayoyajua kwa majina. Majibu yaandike kwa maneno yake mwenyewe. Daftari hili utalihitaji mpaka hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Pima dunia kwa kivuli

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na nakuomba usiiruke.

Eratosthenes alikuwa msimamizi wa maktaba ya Alexandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na ndiye anayesifika kwa kulitunga neno jiografia lenyewe. Alisikia kwamba huko Syene, Aswan ya leo, siku moja ya mwaka jua la mchana huingia mpaka ndani ya kisima, maana yake liko utosini kabisa. Siku hiyo hiyo Alexandria vitu vilikuwa na kivuli. Alipima pembe yake akapata sehemu 1 ya 50 ya duara. Umbali kati ya miji miwili ulihesabiwa stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha kale cha umbali), basi akazidisha kwa 50: mzunguko wa dunia ni stadia 250,000. Kwa kivuli tu, bila ya kuondoka Misri.

Sisi tuna kisima chetu cha Syene, nacho ni Makka. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu ya Al-Kaaba kabisa: tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana. Saa ya Makka na ya kwetu ni moja, kwa hiyo hakuna la kubadilisha. Wengi wetu tunazijua siku hizi kwa ajili ya kusahihisha kibla. Ni siku hizo hizo utakazopimia dunia, na una bahati kumshinda Eratosthenes mwenyewe: Syene na Alexandria zimepishana nyuzi 3 za longitudo, ambapo mji wa Zanzibar na Makka hazipishani hata nyuzi 1.

Fanya hivi. Chagua sakafu iliyo sawa, baraza la saruji linafaa, na uhakikishe usawa wake kwa kuweka sinia lenye maji kidogo. Simamisha kijiti, kikague kwa timazi pande mbili tofauti, maana kijiti kilichoinama kidogo huharibu kila kitu. Mara ya kwanza niliridhika kwa macho tu, nikapata dunia ndogo kuliko ilivyo kwa maelfu ya kilomita. Anza kutia alama ncha ya kivuli dakika kumi kabla, kila dakika mbili, na uweke alama kubwa ule wakati wenyewe ukifika. Utaona ncha ya kivuli ina ukungu, haikatiki kama kisu. Hiyo ni kwa sababu jua si nukta, lina upana wake. Chukua katikati ya ukungu.

Kwa Unguja mjini kivuli cha mita 1 kinatakiwa kiwe kama sentimita 52, kwa Chake Chake kama 50, kikielekea kusini. Usiliandike jibu langu, andika lako. Kisha chora pembetatu kwenye karatasi: mstari wa wima wa sentimita 20, wa ulalo kwa uwiano ule ule, unganisha ncha, pima kwa protrakta pembe ya juu. Mimi kwa sentimita 52 napata nyuzi 27.5. Gawa 360 kwa 27.5, unapata 13.09. Umbali wa moja kwa moja kutoka Unguja mpaka Makka ni takriban kilomita 3,050 (kutoka Chake Chake, 2,950). Zidisha: kilomita 39,900 na kitu. Mzunguko wa dunia kwa kupitia ncha zake mbili ni kilomita 40,008.

Kosa la sentimita moja ya kivuli hubadilisha jibu kwa kilomita 600 na zaidi, kwa hiyo mkiwa darasani pimeni vikundi vitano na mtafute wastani. Mei mara nyingi mawingu ya masika bado yapo. Julai, wakati wa kipupwe, ndiyo yenye matumaini. Ukizikosa zote mbili, subiri kama tarehe 5 Machi saa 6:35 mchana au tarehe 8 Oktoba saa 6:11, jua linapopita juu ya utosi wetu sisi wenyewe. Kijiti kinapoteza kivuli chake, na Unguja inakuwa Syene ya watu wengine: walio mbali ndio watakaopima kivuli.

Watu wa hapa wamekuwa wakipima vivuli miaka yote. Adhuhuri huingia jua likipinduka, na Alasiri huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake ukiongeza kile cha adhuhuri. Muadhini wa zamani na mkuu wa maktaba ya Alexandria walitumia kifaa kimoja.

Hatua ya 3: Jisome ndani ya maandishi ya kale

Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki, na ambaye jina lake halikubaki, alitunga mwongozo wa bahari unaojulikana kama Periplus wa Bahari ya Erythraea. Humo ametaja kisiwa kiitwacho Menouthias, kama stadia 300 kutoka bara. Anasema ni kisiwa cha chini chenye miti, kina mito na ndege wa aina nyingi, na hakina wanyama wakali ila mamba. Watu wake wana mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na wanavua kwa vikapu badala ya nyavu.

Vikapu hivyo ni madema. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Dema lililoning'inia nyuma ya nyumba ya jirani yetu, la fito zilizosukwa matundu ya pembe sita, lilikuwa limeandikwa karibu miaka elfu mbili iliyopita.

Zoezi la hatua hii ni kufanya kazi ya mwanajiografia wa maandishi: Menouthias ni kisiwa gani? Stadia 300 ni kama kilomita 50, na wengine husema 55. Unguja iko chini ya kilomita 40 kutoka bara, Pemba kama 50, Mafia ni karibu zaidi. Umbali unaivuta hoja Pemba. Lakini Pemba ni ya vilima, utaiitaje kisiwa cha chini? Au ameitazama kutoka baharini, mbali, akilinganisha na milima ya bara? Na mamba je? Andika ukurasa mmoja, chagua upande, utetee. Wasomi bado hawajakubaliana, kwa hiyo hakuna atakayekupa alama ya kosa kwa kuchagua. Atakupa kosa kwa kutokutoa sababu.

Ptolemy alikuja baadaye, karibu mwaka 150, Alexandria hiyo hiyo. Alilolifanya ni kubwa: alikusanya majina ya maelfu ya mahali na kuyapa latitudo na longitudo, na akaeleza namna ya kuitandaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa. Menouthias imo. Hata hivyo aliichukua dunia kuwa ndogo, stadia 180,000, na akaifunga Bahari ya Hindi kwa nchi kavu upande wa kusini kana kwamba ni ziwa. Chora pwani yake kwa penseli, inavyopinda kwenda mashariki baada ya kwetu, kisha iweke juu ya ramani ya leo. Panapoanza kupinda ndipo habari za mabaharia zilipomwishia, na kuanzia hapo ni dhana yake. Tabia hii ya kutafuta mahali habari zinapoisha ni ya kudumu nayo, itakusaidia kwenye ramani yoyote.

Hatua ya 4: Geuza ramani juu chini

Vitabu vingi vya mtihani huruka kutoka Ptolemy mpaka Columbus, kana kwamba miaka elfu moja na zaidi watu walikuwa wamelala. Kwa mtu wa Zanzibar kuruka huko ni kukiruka kipindi ambacho sisi tumetajwa kwa majina.

Baghdad, katika karne ya 9, Khalifa Al-Maamun aliwatuma wanazuoni jangwani wapime urefu wa uzi mmoja wa latitudo kwa kutembea. Al-Khwarizmi akasahihisha orodha za Ptolemy. Al-Masudi alisafiri mwenyewe kwenye bahari yetu na mwaka 916 alikuwa akirejea Oman kutoka Qanbalu, mji ambao wengi wanaamini ulikuwa Pemba, huko Ras Mkumbuu. Aliandika kwamba amesafiri bahari nyingi na hakuona yenye hatari kuliko ya Zanji. Aliyevuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi hatambishia. Al-Biruni, karne ya 11, alipima ukubwa wa dunia kwa kutazama upeo kutoka juu ya mlima mmoja, na alikuwa na shaka na ile bahari iliyofungwa ya Ptolemy. Yaqut, aliyefariki 1229, aliitaja Unguja katika kamusi yake ya miji, na akaitaja Pemba kwa jina la Al-Jazira Al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, yenye miji miwili. Mmoja wao kwa maandishi yake unasomeka karibu kabisa na Mtambwe.

Ukiwa Pemba, nenda Mtambwe Mkuu maji yakitoka, utembee pale ukiwa na sentensi hiyo ya Yaqut kichwani.

Kazi ya vitendo ya hatua hii ni mbili. Ya kwanza: Al-Idrisi, aliyemaliza ramani yake kubwa mwaka 1154 kwa Mfalme Roger II wa Sicily, aliweka kusini juu. Chukua ramani ya Bahari ya Hindi, igeuze hivyo hivyo, ibandike ukutani kwa wiki nzima. Afrika Mashariki inapanda juu, Ulaya inateremka pembeni. Baada ya siku chache utajua kwa jicho lako kwamba "juu ya ramani" ni mazoea tu.

Ya pili: kamali, kifaa cha mabaharia wa Bahari ya Hindi. Ni kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo. Unauma fundo, unanyoosha uzi, ukingo wa chini wa ubao unagusa upeo wa bahari na wa juu unagusa nyota. Idadi ya mafundo inakwambia uko latitudo gani. Nahodha Ibn Majid, wa karne ya 15, aliandika kwa kirefu juu ya elimu hii. Tengeneza yako kwa ubao mwembamba au kifuniko cha boksi. Kumbuka tu kwamba nyota ya kaskazini haionekani kwetu, tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta nayo imezama chini ya upeo. Tumia nyota za kusini, na hapo utaelewa kwa nini suheli ilipewa jina la upande mzima wa dunia.

Hatua ya 5: Tembea Mji Mkongwe ukiuliza "nani alimwambia?"

Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa mlango wa safari nyingi za uchunguzi wa Afrika ya kati. Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme iliundwa London mwaka 1830, na kwa miaka mingi jiografia machoni pa wengi ilikuwa ni kujaza weupe uliobaki katikati ya ramani. Burton na Speke walifika hapa Disemba 1856 na kuvuka bara mwaka uliofuata. Livingstone alijiandaa hapa mwaka 1866, na nyumba aliyokaa bado ipo.

Anzia nyumba hiyo, utembee taratibu kuelekea Forodhani, na kwenye kila jengo la safari hizo jiulize swali moja: nani alimwambia njia?

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha mmisionari Erhardt. Mwaka 1854 alikaa Tanga akiwasikiliza wafanyabiashara wa misafara ya Waswahili. Waliotokea Kilwa walimwambia njia yao inaishia kwenye maji makubwa. Waliotokea upande wa Bagamoyo wakasema hivyo hivyo, na wa njia za kaskazini vile vile. Erhardt na Rebmann wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno, limejikunja kama koa, nayo ikashangaza London. Watu wakaicheka. Lakini kila mfanyabiashara alikuwa amesema kweli: mmoja alifika Nyasa, mwengine Tanganyika, mwengine Nyanza. Kosa lilikuwa la kuyaunganisha maziwa matatu, na ni ramani hiyo iliyosaidia kuwapeleka Burton na Speke bara. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke aliliona ziwa ambalo watu wake walilijua vizazi na vizazi, akalipa jina la malkia wake.

Liandike daftarini jina la Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliuzwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru, kisha akawaongoza Burton na Speke, Stanley, na Cameron aliyelivuka bara mwaka 1873 hadi 1875. Mwaka 1876 ile Jumuiya ya London ilimtunza nishani ya fedha na pensheni. Kitabu cha historia ya fikra za jiografia kisichomtaja kinakosa mtu aliyeyajua maeneo hayo kwa nyayo zake kuliko waandishi wake wote.

Ramani zilipokamilika zikageuka hati za umiliki. Mkutano wa Berlin ulikuwa 1884 hadi 1885. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakamwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi. Na 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Chora ukanda huo kwenye ramani kwa rula. Ukishaona ulivyo na upana ule ule kila mahali na usivyojali mto wala shamba la mtu, utakuwa umeelewa uhusiano wa jiografia na dola.

Hatua ya 6: Panda daladala kwa jicho la Humboldt

Alexander von Humboldt alizunguka Amerika kuanzia 1799 hadi 1804, akapanda mlima Chimborazo mwaka 1802, na akachora mimea ikibadilika kadiri unavyopanda juu. Mwaka 1817 akachora mistari inayounganisha sehemu zenye joto sawa. Fikra yake ni kwamba hali ya hewa, udongo, mimea na binadamu ni kitu kimoja kilichoshikana. Carl Ritter, mwenzake wa Berlin, alikazania kulinganisha maeneo na historia za watu wake. Wote wawili walifariki mwaka 1859.

Sisi hatuna Chimborazo, lakini tuna njia ya kutoka mjini mpaka Paje. Kaa dirishani. Kila kituo andika vitu vinne: rangi ya udongo, mti ulio mwingi, kinacholimwa, na nyumba zimejengwa kwa nini. Upande wa magharibi utaona udongo mzito, minazi, miembe, migomba. Ukipita Tunguu ardhi inaanza kubadilika. Jozani kuna msitu unaosimama juu ya maji ya chini kwa chini. Kisha unaingia maweni, jiwe la matumbawe lililo wazi na vichaka vyake, mpaka ufukweni. Wakulima wana majina ya aina hizi za ardhi: kinongo, kichanga, uwanda, maweni. Yatumie hayo, yana habari nyingi kuliko "udongo mzuri" na "udongo mbaya".

Hatua ya 7: Swali moja, majibu manne

Sasa unaweza kuzielewa zile nadharia zinazochanganya watu mtihani. Chukua swali hili: kwa nini karafuu nyingi ziko Pemba?

Jibu la kwanza ni la mazingira. Friedrich Ratzel, aliyetoa juzuu ya kwanza ya kazi yake kuu mwaka 1882, na wafuasi wake waliokwenda mbali kuliko yeye, wangesema Pemba ina mvua nyingi, udongo wa kina na vilima vinavyopitisha maji, basi imeamuliwa na maumbile. Liandike, kisha ulijaribu: mikarafuu ilikuwepo Pemba kabla ya karne ya 19? Haikuwepo. Udongo ulikuwepo maelfu ya miaka bila karafuu hata moja. Basi udongo peke yake haujaamua.

La pili ni la Paul Vidal de la Blache, Mfaransa aliyefariki 1918. Maumbile yanatoa nafasi, watu wanachagua, na uchaguzi wao unazaa namna ya maisha. Hapa nenda Pemba msimu wa kuchuma. Tazama mikoba inavyopanda mtini, familia inavyokaa jioni kuchambua karafuu na makonyo, majamvi yanavyotandazwa mpaka uani. Linganisha na upande wa mashariki wa Unguja, ambako watu waliijenga namna yao juu ya jiwe: kuzika makumbi pwani, kusuka kamba, kuchoma chokaa, kuvua.

La tatu linauliza nani alimiliki na nani alifanya kazi. Ni mkondo ulioshika kasi miaka ya 1970, David Harvey akiwa miongoni mwa waliouongoza kwa kitabu chake cha 1973 kuhusu haki na mji. Karafuu ilienea chini ya Seyyid Said kwa kazi ya watumwa, na hali ya utumwa haikuondolewa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Bila ya hilo, ramani ya mikarafuu haielezeki. Na ongeza tukio: kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ikashika mbele. Hakuna nadharia iliyokitabiri kimbunga hicho.

La nne ni la mapenzi ya mahali. Yi-Fu Tuan, katika miaka hiyo ya 1970, aliandika kwamba eneo tupu linageuka mahali pale mtu anapolitia maisha yake. Muulize Mpemba aliye Dar es Salaam au Muscat, harufu ya karafuu zilizoanikwa inamkumbusha nini. Jibu lake nalo ni data.

Msahihishaji akiuliza ipi iliyo sahihi, maoni yangu ni haya: la kwanza peke yake ni la hatari, kwa sababu lilitumika kusema watu fulani wamezaliwa kutawaliwa na jua lao. La pili na la tatu yakae pamoja. La nne usilidharau.

Hatua ya 8: Namba, na waliosahaulika na namba

Katikati ya karne ya 20 jiografia ilitaka kuwa sayansi ya kanuni. Mjerumani Walter Christaller alikuwa ameshaeleza mwaka 1933 namna miji inavyojipanga kama sega la nyuki kwenye tambarare. Jaribu Pemba: Wete, Chake Chake na Mkoani, kila mmoja kama kilomita 30 kwa barabara kutoka unaoufuata, mpangilio unapendeza. Kisha kumbuka kwamba yote mitatu imejengwa kwa ajili ya bandari na ghuba, si tambarare. Somo hilo linatosha kwa mtihani na kwa maisha.

Kilichozipita namba hizo ni wanawake. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara mwaka 1989 Paje na Jambiani, na kwa sehemu kubwa kikawa mikononi mwa akina mama. Watafute maji yakipwa, wakati wa bamvua. Salimia, wasaidie kufunga mwani kwenye taitai, vile vikamba vidogo, kwa nusu saa kabla ya kuuliza lolote. Watakwambia maji yamekuwa ya moto kuliko zamani, aina ya mwani yenye bei nzuri inaoza kwenye kamba, na ni mahali gani hasa kwenye wangwa bado inastahimili. Ramani hiyo wameichora kwa miguu.

Hatua ya 9: Picha ya ndege isiyo na rubani, na bibi

Kuanzia 2016 visiwa vyetu vilipigwa picha na ndege ndogo zisizo na rubani katika mpango wa ramani ulioongozwa na Kamisheni ya Ardhi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakishiriki. Unaona kila paa, kila mnazi. Kwa usahihi hakuna kilichowahi kufanana nazo.

Tafuta picha ya shehia yako, au ya setilaiti ukikosa, uichapishe kubwa. Kaa na bibi au babu anayejua, chukua na lile daftari la nahodha, muanze upande mmoja. "Bibi, hapa panaitwaje?" Kila mbuyu, kila kisima, kila kijia, kila jabali la pwani. Andika jina kwa penseli mahali pake, na sababu yake pembeni. Mimi kwa mchana mmoja nilipata majina 43 katika eneo ambalo ramani rasmi ina jina moja. Pasipokumbukika jina, acha duara tupu, na kesho yake uende nalo kwa mzee mwengine.